Mikwaruzo ya Sauti katika Kompyuta Zetu

Wanafunzi wengi wa vidato vya chini wameniuliza muhula huu, "Ile kelele ya Jumamosi ilikwenda wapi?" Na wazazi wawili waliofika siku ya wazazi waliniuliza vilevile, maana watoto wao waliwasimulia nyumbani. Nimeona vema niandike habari yote hapa, pamoja na makosa yangu, ili mtu mwingine akipatwa na jambo hili asipoteze majuma matano kama tulivyopoteza sisi.

Kwa wasiojua, tangu Februari 2025 sisi wa kidato cha nne hatukuwa na mwalimu wa Fizikia. Aliyekuwapo alihamishwa, na kila mtu anajua kwamba walimu wa sayansi hawatoshi nchini. Ndipo dada mmoja aliyesoma hapa zamani, ambaye sasa yumo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipojitolea kutufundisha kila Jumamosi saa nne asubuhi kwa simu ya kompyuta. Hakudai hata senti, na bando alinunua mwenyewe. Sisi tulikaa maktaba, watu 38, kompyuta moja mezani, spika kubwa juu ya kabati, na mmoja wetu akiandika ubaoni maneno ya dada.

Majuma ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha mwishoni mwa Machi sauti yake ikaanza kutatarika kama bisi kaangoni. Maneno marefu tuliweza kuyabahatisha, lakini tarakimu hazibahatishwi. Sauti za "s" na "t" ni nyembamba, na mikwaruzo huzimeza kwanza. Kwa hiyo "sita" na "tisa" zikawa neno moja. Siku moja katika somo la lenzi ubao uliandikwa sentimita 16, na nusu ya darasa wakaandika 19 katika madaftari. Tulibishana dakika kumi nzima, huku dada anangoja na bando lake linakwisha.

"Samahani, dada, hatukusikia."

"Si kitu, wadogo zangu, narudia."

Alirudia mara ya pili na ya tatu. Jumamosi iliyofuata tulihudhuria 20, na iliyofuata 11. Mwisho dada mwenyewe akauliza kwa upole kama ingekuwa heri aache, atuletee maelezo ya maandishi tu. Mtihani wa taifa ni Novemba, nasi mada ya sumaku na umeme hatukuwa tumeigusa.

Mimi ndiye katibu wa Chama cha Kompyuta, kwa hiyo wote walinitazama. Nilijibu bila kusita kwamba kosa ni la mlima.

Katika nchi yetu ya Usambara hilo si jibu la kijinga. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lakini umekaa bondeni, umezungukwa na vilima, na mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Aliyepanda basi kutoka Mombo kupitia Soni anajua jinsi simu inavyopata mtandao kona hii na kuupoteza kona ile. Kuna vijiji ambavyo watu wake wana jiwe lao au mti wao, ndipo husimama kupiga simu. Tena nilifanya jaribio, nikaona nimethibitisha. Nilipiga wimbo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta, ukatoka safi kabisa. Basi, nikasema, spika ni nzima na kompyuta ni nzima, kilichobaki ni mtandao.

Jumamosi ya pili ya Mei tukabeba kompyuta, spika ndogo na blanketi moja hadi juu ya uwanja wa mpira, mahali ambapo mnara wa simu unaonekana kwa macho. Ilikuwa masika, manyunyu yanaanguka, wawili wakashika miavuli juu ya kompyuta badala ya juu ya vichwa vyao. Alama za mtandao zikajaa zote. Dada akaanza kusema, na mikwaruzo ikawa mibaya kuliko ya maktaba! Nilirudi bondeni nimeinamisha kichwa, wala sikuona kwamba ule ubaya uliozidi ulikuwa ni habari ya thamani.

Mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye si msemaji sana, aliniita jioni ile akaniuliza maswali mawili. La kwanza: je, dada naye anasikia mikwaruzo kutoka kwetu? La pili: je, tumejaribu kumpigia kwa njia ileile, lakini kwa simu ya mkononi ile inayoipa kompyuta mtandao?

Sikuwa na jibu hata moja. Tuliazima simu ya mwalimu tukajaribu. Dada alisema anatusikia vizuri tangu mwanzo, ila hakuna aliyemwuliza. Na sauti yake katika simu ya mkononi ilitoka safi kama yuko chumbani. Mtandao ni uleule, mnara ni uleule, mlima ni uleule. Basi kosa lilikuwa ndani ya kompyuta yetu. Tulitumia dakika tano kupata jambo lililotushinda majuma matano.

Lakini ikiwa kosa ni la kompyuta, mbona wimbo ulitoka safi? Hapo ndipo yafaa nieleze jinsi kompyuta inavyosema.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kompyuta haiwezi kushika mtetemo, inashika tarakimu tu. Kwa hiyo huupima ule mtetemo mara nyingi sana kila sekunde na kuandika kila kipimo. Siku hizi idadi ya kawaida ni vipimo 48,000 kwa sekunde. Idadi hiyo ina sababu yake. Sikio la kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya hesabu yadai vipimo viwe zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa. Mitambo ya simu ya zamani ilitosheka na vipimo 8,000, ndiyo maana sauti ya mtu katika simu ilikuwa kama imetoka puani.

Sasa vipimo hivyo havipelekwi kwenye spika kimoja kimoja. Hupelekwa kwa mafungu. Wasomaji wote wamepata kuona watu wakimwaga zege. Mafundi wako juu ya ukuta, vibarua wamejipanga mstari, karai linatoka mkono hata mkono. Spika ni fundi asiyeweza kungoja. Kila wakati wake ukifika, lazima apate karai. Karai likichelewa hata kidogo, anaweka kitu tupu, na ule utupu wa ghafula katikati ya sauti ndio sisi twausikia "ta!" Utupu ukitokea mara ishirini kwa sekunde, ndiyo bisi kaangoni.

Dawa ya vibarua wanaochelewa ni kumpa fundi karai kubwa zaidi, ili akimaliza moja, jingine liwe limeshafika. Akiba hiyo huitwa bafa. Walakini zege likikaa sana huganda. Na sauti ikikaa sana katika bafa humfikia msikilizaji ikiwa imechelewa. Wimbo hauna haraka. Ukitoka nusu sekunde baadaye hakuna atakayejua, kwa hiyo programu ya nyimbo huchukua karai kubwa sana. Mazungumzo yana haraka. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu umeshauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha mmoja hadi sikio la mwenziwe, maana ikizidi hapo watu huanza kukatizana. Kwa hiyo programu ya simu huomba karai dogo. Jaribio langu la wimbo, basi, lilikuwa la kweli lakini halikujibu swali letu. Nilipima kazi nyepesi, nikahukumu kazi nzito.

Kompyuta zetu zinatumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland. Aina tuliyo nayo ni Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004. Na jina lake la Afrika Kusini ni ndugu wa neno letu "utu". Ndani yake mnyapara wa vibarua wa sauti ni programu iitwayo PipeWire. Zamani kazi hiyo ilifanywa na PulseAudio, na Ubuntu ilibadilisha mnyapara katika toleo la Oktoba 2022. Nayataja haya kwa sababu maelezo mengi ya zamani yanafundisha kurekebisha PulseAudio, na mtu aweza kuhangaika mchana kutwa akimwagiza mnyapara ambaye amekwisha kustaafu. Ukitaka kujua nani yuko kazini, fungua dirisha la amri, uandike:

pactl info

Katika mstari wa jina la seva sisi tuliona PipeWire 1.0.5.

Kisha tulipiga simu kwa dada na, wakati anasema, tukaandika amri nyingine:

pw-top

Hiyo hutoa jedwali linalobadilika mbele ya macho. Safu mbili ndizo zilizotufaa. Safu ya QUANT huonyesha ukubwa wa karai, na safu ya ERR huhesabu mara ambazo karai lilichelewa. Kwetu karai lilikuwa 256. Gawanya 256 kwa 48,000, utapata kama milisekunde 5. Maana yake ni kwamba kila milisekunde 5 kompyuta ilitakiwa iwe tayari na fungu jipya, huku inafungua picha ya dada, inapokea habari za mtandao, na ina kurasa kumi na moja wazi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifunga. Kompyuta hii ni ya msaada, tena mzee. Safu ya ERR ilikuwa inapanda kila tulipoitazama: 40, 57, 83. Na kila tarakimu ilipopanda, spika ilisema "ta!" Darasa zima lilipiga makofi, jambo ambalo dada hakulielewa.

Tukachomoa chaja kwa makusudi. Tarakimu zikapanda upesi zaidi. Hapo nikaelewa habari ya uwanja wa mpira. Kompyuta ikitumia betri hupunguza mwendo wake ili kuhifadhi umeme, na kibarua mzee akitembea polepole karai huchelewa zaidi. Mnara ulikuwa karibu, lakini umeme ulikuwa mbali.

Tulirudisha chaja, tukafunga kurasa zote zisizotakiwa. Mikwaruzo ikapungua kiasi cha nusu. Kisha tukaagiza karai kubwa:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

Palikuwa kimya. Sisemi kimya cha kukosa sauti, nasema kimya cha kusikia sauti ya mtu peke yake. ERR ikasimama pale pale. Fungu la 1024 ni kama milisekunde 21, na mwanadamu hatambui kuchelewa huko. Tulijaribu 2048 vilevile. Mikwaruzo haikuwa na mahali pa kupungua tena, lakini kuchelewa kulizidi bila faida, tukarudi 1024. Ukitaka kuifuta amri hiyo, andika 0 mahali pa 1024.

Amri hiyo hudumu hadi kompyuta izimwe tu. Ili idumu siku zote, ndani ya folda ya nyumbani tulitengeneza folda ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d, na humo faili tuliyoiita sauti.conf, yenye maneno haya:

context.properties = {
    default.clock.min-quantum = 1024
}

Maana yake, karai lisipungue hapo hata programu ikiomba dogo. Kisha kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Nawaomba wenzangu wasiongeze tarakimu hiyo kwa kudhani kubwa ni bora. Someni tena habari ya zege linaloganda. Pia badilini jambo moja tu kwa wakati mmoja. Sisi katika wiki ya kwanza tulibadilisha waya, spika, kiti cha maktaba na mahali pa kukaa kwa siku moja, na sauti ilipopata nafuu kwa saa moja hakuna aliyejua sababu ilikuwa nini.

Habari ingekwisha hapa kama kompyuta zetu zote zingeugua ugonjwa mmoja. Sasa kila mtu ananiletea kompyuta na kusema "inakwaruza", na neno hilo moja hubeba magonjwa mengi. Yafaa kusikiliza kabla ya kugusa.

Mtandao mbovu una sauti yake. Maneno hupotea mazima, kisha hurudi kwa haraka, au mtu husema kama chuma. Hapo karai halikosekani kwa fundi. Zege lenyewe limemwagika njiani. Amri ya "ping -c 100", ikifuatwa na anwani ya mahali, itakuambia pakiti ngapi kati ya 100 zimepotea. Kwa ugonjwa huo, mlima aweza kuwa na kosa kweli, nanyi mwaweza kupanda uwanjani kwa ruhusa yangu. Kuzima picha na kubakiza sauti husaidia sana, tena huokoa bando.

Ikiwa ni mwenzako anayelalamika, na wewe unasikia vizuri, tazama maikrofoni yako. Kompyuta ya bweni la wasichana ilikuwa imewekewa nguvu ya maikrofoni hadi juu kabisa, kila neno likapasuka. Waliandika "alsamixer", wakashusha ile iitwayo Mic Boost, yakaisha.

Ikiwa ni "pu!" moja tu kila sauti inapoanza baada ya ukimya, huenda kifaa cha sauti kimelala ili kuokoa umeme na unasikia kikiamka. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ilifanya hivyo. Katika folda ya /etc/modprobe.d tuliweka faili yenye mstari "options snd_hda_intel power_save=0", haikulala tena. Betri hupungua kidogo, lakini ile haitoki mezani.

Wenye hedifoni zisizo na waya nao wasishangae sauti nzuri ya muziki ikibadilika kuwa ya simu ya zamani mara tu wapigapo simu. Njia ya Bluetooth inayobeba maikrofoni pamoja na sauti, kwa vifaa vingi, ni vipimo 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Hakuna kilichoharibika. Tumia hedifoni ya waya.

Mwisho kuna mvumo, "mmm" usiokatika, ambao si mkwaruzo hata kidogo. Chomoa chaja. Ukitoweka, kosa ni la umeme, mara nyingi chaja mbovu au soketi isiyo na waya wa ardhini. Soketi moja ya maktaba ilikuwa hivyo. Hilo hatukuligusa, wala wewe usiliguse. Aliitwa fundi umeme, na kazi yake ilimchukua nusu saa.

Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 tulimpigia dada saa nne kamili. Tulikuwa 14. Akatusalimu, tukamjibu "Shikamoo, dada," akasema "Marahaba," kisha akanyamaza kidogo, nadhani akingoja tuseme hatukusikia. Hakuna aliyesema. Akatoa hesabu ya lenzi ileile, tarakimu zilezile, na madaftari yote 14 yakaandikwa 16. Juma lililofuata walikuja 33, na sumaku tumeianza.

Imebaki kompyuta moja, ile yenye kibandiko cha simba, ambayo tundu lake la hedifoni limelegea. Ukisogeza waya inakwaruza, ukiacha inatulia. Ugonjwa huo hauna amri wala faili. Tundu linataka kubadilishwa. Kwa sasa tunaitumia kuchapia gazeti hili.